Ufunguo wa Kirikuu ya Bonifasia

Maguu, Juni 9

Kosa wanalolifanya wengi wanapomchangia mtu mwenye ulemavu apate gari ni kuliacha swali la mwenye gari mpaka gari lifike uani. Huchanga kwa moyo mweupe, huimba, hupiga vigelegele. Baada ya wiki mbili wanashikana mashati. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na niliwahi kuwaona ndugu wawili waliong'oana meno kwa ajili ya cherehani aliyopewa dada yao kiziwi. Dada mwenyewe alikaa benchi la nyuma, hakuna aliyemwuliza kitu. Ndiyo maana naanza kuandika leo, kahawa ya kwanza ikiwa imeiva, ili la kwetu lisipite njia hiyo.

La kwetu ni la Bonifasia, binti wa marehemu mdogo wangu. Miaka sita iliyopita alikuwa juu ya magunia lori lilipopinduka kwenye mteremko. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto upo, lakini hausikii. Anatembelea magongo, na biashara yake ni samaki: anashuka ziwani Kihagara kununua usipa na mbasa, anapanda kuuza Mbinga na huku kwetu. Anashuka na kupanda kwa magari ya watu.

Jana alirudi mdomo umepasuka. Utingo alimvuta mkono, akamwangusha lamini, akamtupia magongo kifuani.

"Kwa kosa gani?" nikamwuliza.

"Nilidai chenji yangu, Baba mkubwa. Akasema mzigo haudai chenji."

"Ukafanya nini?"

"Nilimng'ata."

Mke wangu Ottilia, aliyekuwa akimwosha damu, akauliza alimng'ata wapi.

"Pale nilipofikia, Mama mkubwa. Na mimi siko mrefu."

Ottilia alicheka mpaka akamwaga maji. Mimi sikucheka. Jino lake moja lilikuwa linacheza.

Juni 10

Tumechuma. Ukungu haukuondoka mpaka karibu na adhuhuri.

Juni 17

Maombi ya Bonifasia yamekubaliwa. Nieleze, maana wengi hawajui na wengine wanaona aibu kuuliza. Halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: ya wanawake, ya vijana, na ya watu wenye ulemavu. Si sadaka. Inarejeshwa, na inarejeshwa kwa kazi ya kile ulichonunua. Bonifasia aliomba kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, moja ya otomatiki, ifungwe chuma cha kuendeshea kwa mikono. Mkopo unafika mbali lakini haufiki mwisho. Kilichobaki ni juu yetu ndugu, na sisi fedha yetu ni kahawa.

Nilimweleza hatari pia: gari lisipozunguka, deni halitasimama kumsubiri.

"Litazunguka," akasema. "Nimechoka kuwa mzigo."

Juni 23

Leo tumekaa sengu. Kwa wasio Wamatengo: sengu ni kula pamoja kwa ukoo, uani kwa mkubwa. Kila mke analeta chungu chake, vyote vinawekwa katikati, hakuna anayeuliza maharage haya ni ya nani. Tukiisha kula tunazungumza mambo. Zamani ilikuwa kila siku. Sasa ni Jumapili za mavuno tu, nami kwa kuwa ndiye mkubwa, ni uani kwangu.

Nilitoa hoja. Joakim, kaka yake Bonifasia wa baba na mama mmoja, akasimama wa kwanza na kuahidi kahawa nyingi kuliko nilivyotegemea. Hapo Ignatio, mdogo wangu wa ukoo, akaramba vidole na kusema, "Gari kwa mtu asiye na miguu ni kumnunulia kipofu kioo."

Bonifasia alikuwa jikoni na wanawake, lakini masikio yake ni mazima. "Baba mdogo Ignatio, wewe miguu unayo yote miwili, na kila ukitoka kilabuni unaletwa umebebwa."

Watu walicheka. Ignatio akanyanyua chungu cha maharage ya moto akakirusha kuelekea jikoni. Kilimpata mtoto wa jirani begani, na ngozi ikavimba papo hapo. Joakim alimrukia Ignatio, akamkaba, akampiga uso chini mara mbili, tatu, mpaka tukamwondoa watu wanne.

"Ukimgusa tena dada yangu nakuzika," alisema.

Nilimpenda sana Joakim kwa neno hilo. Damu ilipofutwa niliwaambia kadi ya gari itaandikwa jina la Bonifasia, na wote wakaitikia. Niliona mambo yamekaa.

Juni 24

Ignatio jicho halifunguki. Hata hivyo amejikokota na kuleta debe lake la kahawa, akaliweka mlangoni bila salamu.

Julai 2

Vijana wamempiga mwizi wa kahawa pale chama cha msingi. Nilipofika alikuwa amekwisha pelekwa zahanati. Anaishi. Vumbi pale lilikuwa limegeuka tope, na mvua haijanyesha.

Julai 3

Kuanika. Upepo mkali, tumefunga vichanja kwa kamba.

Julai 13

Gari limefika, jeupe, limekwaruzwa mlango mmoja. Limeletwa na fundi Zabron, mtu wa Kihagara, Mwanglikana mkimya aliyemfundisha Bonifasia kuendesha mpaka akapata leseni mwaka jana. Nilimwomba anieleze kile chuma, naye alieleza vizuri. Ni fimbo moja chini ya usukani, upande wa kushoto. Ukiisukuma mbele, gari linashika breki. Ukiivuta kwako, linakwenda. Mkono wa kulia unabaki na usukani, ambao umefungwa kitufe cha kuuzungushia. Basi. Miguu haina kazi.

Bonifasia alizunguka uwanja wa mpira mara nyingi, akagonga goli moja, akatoka nje ya uwanja na kurudi. Joakim alivua shati akafutia vumbi kioo. Kadi ina jina la Bonifasia. Nimeisoma kwa sauti mbele ya watu. Ufunguo utalala kwa Joakim kwa sababu mlango wake ni wa chuma.

Julai 16

Ameshuka Kihagara peke yake na kupanda na mbasa. Anasema njiani alilipita gari la yule utingo, akapiga honi mpaka kona ya pili.

Julai 17

Ameshuka tena.

Julai 22

Leo hakwenda. Joakim alichukua gari mara moja kupeleka kahawa yake chama. Ni kaka yake, ni mavuno, sikuona ubaya.

Julai 23

Ignatio naye alikuja kuomba gari. Hakumwomba Bonifasia aliyekuwa ameketi barazani, alimwomba Joakim. "Debe langu limo mle ndani," alisema. Joakim akampa.

Julai 26

Sasa naelewa kinachotokea, nami nieleze wakati bado nina utulivu. Kahawa ya gari ilikusanywa sengu. Kinachoingia sengu ni cha wote, ndivyo tulivyolelewa, hakuna anayesema huu mnofu ni wangu. Kwa hiyo kila mwenye debe lake anaona ana tairi lake. Mimi nilisoma kadi kwa sauti nikadhani nimemaliza. Lakini nilikusanya mchango ndani ya chungu, na watu wa chungu wanajua kula tu.

Julai 30

Bonifasia hajashuka ziwani wiki nzima. Wachuuzi wa Kihagara wamempa mbasa wake mtu mwingine. Rejesho la kwanza linakaribia. Alikwenda kwa Joakim na magongo yake kudai ufunguo. Joakim alimfungia mlango wa chuma usoni. Paji la uso limevimba.

"Aliteleza," Joakim aliniambia.

"Mlango uliteleza?"

Akacheka. Nilimwona meno, nikajiuliza kama ndiyo yaleyale ya siku ile alipomkaba Ignatio kwa ajili ya dada yake.

Agosti 3, Jumamosi

Naandika lote.

Asubuhi Ottilia alisikia nyundo uani kwa Joakim. Ile fimbo ya chuma ilikuwa inamgonga goti akikanyaga pedali, kwa hiyo alikuwa anaing'oa. Habari ilimfikia Bonifasia kabla yetu. Tulipofika alikuwa ameketi chini mbele ya tairi la mbele, magongo yamelala pembeni, na kisu chake cha kuparua samaki kiko mapajani. Nyuma ya gari magunia ya kahawa yamejaa. Ndugu wamesimama pembeni, Ignatio amekaa juu ya gunia.

"Toka," Joakim alisema.

"Nikanyage."

"Bonifasia, toka. Watu wana kahawa."

"Na mimi nina deni. Rudisha chuma changu."

"Chuma chako, gari lako. Wewe ulivuna nini? Tulikuchangia kama tunavyochangia msiba."

"Basi nizikeni. Nipo hapa."

Alimshika gauni shingoni akaanza kumburuta. Kishina cha mguu wake kilichora mstari vumbini. Bonifasia akazungusha kisu mara moja, na mkono wa Joakim ukafunguka kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Nimeona majeraha mengi mahakamani, lakini yalikuja yakiwa yamefungwa bandeji. Hili lilikuwa wazi. Joakim aliangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaokota gongo la Bonifasia na kumpiga nalo. Begani. Mgongoni. Alipoinua mkono kujikinga, gongo lilimpata vidole, nikasikia viwili vikivunjika. Gongo nalo likakatika, akaendelea na kipande.

Nilipaza sauti kama nilivyokuwa nikipaza mahakamani. Hakuna aliyegeuka. Wawili walimvuta Joakim, mmoja akawapiga wale wawili. Ottilia wangu, ambaye hajawahi kuchapa hata mtoto, alikuja na mchi wa kinu akampiga Joakim sikioni. Akayumba. Ignatio hakuinuka. Alikuwa akisema, "Kahawa inamwagika. Jamani, kahawa inamwagika."

Joakim akajitupa garini, damu ikichuruzika mlangoni, akawasha. Mbele pana Bonifasia, kwa hiyo akarudi nyuma kwa kasi. Nyuma ya uwanja wake kuna shamba la ngolo. Ngolo ni mashimo ya mraba tunayochimba mteremkoni, kila moja limezungukwa na tuta ili mvua isisombe udongo. Mtu mwenye jembe hupita juu ya matuta kwa usalama. Gari halipiti. Tairi la nyuma lilizama shimo la kwanza, gari likainuka pua, likalala ubavu na kubiringika mpaka shimo la tatu. Magunia yalipasuka, kahawa ikajaza mashimo kama mvua.

Injini ilikuwa bado inanguruma, petroli inanuka, na wanaume wote walisimama. Aliyekwenda ni Bonifasia. Alitambaa juu ya matuta kwa viwiko, akaingiza mkono kwenye kioo kilichovunjika, akazima gari. Joakim alikuwa amelala juu ya usukani, paji limechanika. Bonifasia alimtazama, akamtemea mate, kisha akatuita tuje kumtoa.

Alikuwa ameushika ufunguo kwa mkono mzima. Nikamwambia, "Nipe, mwanangu. Ni kielelezo."

Akanipa.

Agosti 4

Zahanati. Vidole vimefungwa vijiti. Joakim ameshonwa mkono na paji. Waliketi benchi moja, kila mmoja mwisho wake.

Agosti 6

Tulikuwa tumechukua PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi, na leo Joakim amekamatwa. Ukoo umekasirika nami. Walikuja kupendekeza tumalize nyumbani: Joakim atoe mbuzi, tukae sengu, yaishe. Zamani ningeliona ni busara. Nilimwuliza Bonifasia.

"Mbuzi ataliwa na nani?"

"Na sengu."

"Waliokuwa wamesimama?"

Nikatoka nje nikawaambia hapana. Waliondoka na mbuzi wao.

Agosti 11

Zabron alikuja na trekta kulitoa gari. Lilipopanda barabarani mtu mmoja kilabuni akapiga kelele, "Mwizi! Mtu wa ziwani anaiba gari la ukoo!" Neno hilo huku wakati wa kahawa ni kama kiberiti. Mawe yalianza kabla mtu hajauliza. Jiwe moja lilimtoa Zabron jino, la pili likampasua nyuma ya kichwa. Alipoanguka wakaanza kumkanyaga. Mwenye tairi kuukuu alikuwa amekwisha fika nalo, na mwingine chupa ya petroli. Nilipita katikati yao nikajilaza juu ya Zabron. Sikuwa na hoja yoyote, nilikuwa na uzito tu. Nilipigwa mateke mawili ya mbavu kabla hawajanitambua.

"Ni Hakimu. Acheni, ni Hakimu."

Zabron aliniambia sikioni, kwa mdomo uliojaa damu, "Shikamoo, mzee."

Nikamwitikia, "Marahaba."

Agosti 12

Mbavu. Sikuchuma.

Agosti 19

Gari limepona, kwa sura mbaya. Zabron amefunga fimbo mpya na kuichomelea. Sasa haing'oki kwa nyundo. Limeegeshwa kwangu. Ufunguo uko mfuko wa koti langu.

Nimetengeneza mpango wa haki. Siku nne za wiki gari ni la Bonifasia. Siku mbili linabeba kahawa ya ndugu, ambao watalipia mafuta. Jumapili linapumzika. Nimewasomea ndugu, wamesema Hakimu amekata vizuri. Nililala usingizi.

Agosti 24

Ottilia ameniuliza kama Bonifasia naye nilimsomea. Nikamwambia vidole vyake havijapona.

"Sikuuliza vidole, Mzee."

Agosti 27

Habari za Kihagara: mwera, ule upepo wa kusini, umepiga mitumbwi miwili pamoja na kuivunja, na mvuvi mmoja hajaonekana. Nilimweleza Bonifasia kwamba hata angekuwa na gari leo, samaki wasingekuwapo.

"Baba mkubwa, ufunguo uko wapi?"

"Kwangu. Uko salama."

"Joakim aliuchukua kwa kunipiga. Wewe uliuchukua kwa kuniita mwanangu. Mimi niko palepale chini."

Nilianza kumweleza tofauti. Nilieleza kwa utaratibu, hoja ya kwanza na ya pili. Nilipofika ya tatu alikuwa amekwisha kuondoka, na gongo lake jipya lilikuwa linagonga mawe ya njiani.

Agosti 28

Rejesho la pili nalo limepita bila kulipwa.

Septemba 1, Jumapili

Sengu, ya mwisho ya mavuno. Joakim alikuja, yuko nje kwa dhamana, kovu la paji bado jekundu. Bonifasia naye alikuja, na safari hii hakwenda jikoni. Aliketi na sisi, mbele ya vyungu.

Tulipomaliza kula Ignatio alijifuta mdomo. "Hakimu, kesho nipe gari. Nina magunia yaliyobaki."

Kesho ni Jumatatu, siku ya Bonifasia kwa mpango wangu. Bonifasia alikuwa karibu na Ignatio kiasi cha kugusana magoti, kama upande ule angekuwa na goti. Ignatio hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, tena kwa heshima, mkono umenyoshwa, kama alivyomtazama Joakim mwezi Julai. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaona kwamba walikuwa hawajabadili kitu isipokuwa mfuko.

Nilivua koti. Nilitoa ufunguo, nikaupitisha juu ya vyungu, nikauweka mkononi mwa Bonifasia. Nilijiandaa kueleza, lakini alikuwa ameshasimama.

Joakim alimtangulia. Alipofika mbele ya gari akasimama, mkono mmoja kiunoni, wa pili na panga la kukatia migomba alilokuwa amelipitia ukutani. Bonifasia akapanda, akavuta magongo ndani, akawasha.

"Nikanyage," Joakim alisema.

Bonifasia alitoa kichwa dirishani. "Kaka, mimi sijui kukanyaga. Mimi navuta tu."

Akavuta.

Gari liliruka. Panga lilishuka juu ya boneti na kuacha mfereji, kisha Joakim akajitupa pembeni, kioo cha pembeni kikampiga bega na kumzungusha chini. Ignatio alikimbia kwa miguu yake yote miwili. Kirikuu ilipita kati ya vyungu, ikavunja kimoja, ikaingia barabarani na kuteremka kuelekea ziwani. Bega la Joakim limetoka mahali pake. Ottilia amelifunga kwa kanga yake, bila kumwambia pole, naye hakuomba.

Septemba 2

Joakim anadai nimemwua. Yuko barazani kwake anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Ndugu watatu wamesema hawatakaa tena sengu uani kwangu.

Bonifasia amerudi jioni na mbasa, na amepita kwa ndugu wote kuuza. Kwa Ignatio alipiga honi. Ignatio akatoka, akaomba mmoja kwa mkopo kwa sababu ya debe lake. Bonifasia alimpa, akamwambia debe limekwisha.

Mimi nilinunua wawili. Nilipotoa noti alinirudishia chenji.

Nimalizie kwa yeyote atakayesoma haya. Kama ufunguo wa gari la mtu mwingine umo mfukoni mwako, hata uwe umeuweka kwa wema, nenda ukamkabidhi leo.